Kuteksi ya Zambarau Kwenye Mizeituni

Jumanne, 4 Februari 2025

Joto. Komarock nzima vumbi. Nimeshinda mezani na bahasha zangu za laikeni, ule ukoga mkavu unaoota kwenye magome. Hooyo, mama yangu, anaziita ukurutu wa miti na anataka nizitoe karibu na unga wake. Nimemwambia huu ukurutu ndio utanipa digrii ya pili. Akasema basi hiyo digrii ikakae balkoni!

Dkt. Khalayi, msimamizi wangu chuoni, amepiga simu. Bado anashikilia kwamba kilima chetu kule mbele ya Tala kina aina mbili tu za msitu: mizeituni mwitu na mitarakwa juu, migunga chini. Mimi naona tatu. Ule ubavu wa magharibi, mkavu, una mizeituni ileile, lakini magome yamefunikwa na laikeni pana za kijivu, zimekunjana kama majani ya sukumawiki. Huo ni msitu wa peke yake. Ukitazama miti tu hutaujua, ukitazama laikeni utaujua. Amesema nimletee ushahidi. Nirudi nikapime zilezile nilizopima mwaka jana.

Nitazipata. Vibao vyangu vya bati viliibwa mapema sana, kwa hiyo nilitia tone la kuteksi ya zambarau kwenye gome, kando ya kila laikeni. Dkt. sikumwambia, ataona ni utoto. Anayejua ni Hooyo peke yake, na ilibidi. Aliona chupa inaisha na kucha zangu ziko tupu kwa ajili ya udhu, akadhani naipaka nikifika nje, kwa ajili ya mtu fulani. Nikamwonyesha picha. Alicheka mpaka akakaa chini.

Alhamisi, 6 Februari

Ramadhani inakaribia na duka la viungo la Aabo, baba yangu, kule Eastleigh limejaa wanawake. Abdiwali, kaka yangu, ana raha zake. Amenipa pakiti ya tende na "niaje, daktari wa miti." Aabo anamsifu kila mtu akisikia — eti kijana amepata mtu anayeleta maua ya mawe kwa bei nzuri kuliko yale ya India. Maua ya mawe! Nimewaambia mara ngapi kwamba hicho kitu cheusi wanachotia kwenye pilau na supu ya mbuzi ni laikeni iliyokaushwa. Hakuna anayenisikiliza.

Nimemwomba Abdiwali anipeleke Jumapili. Amekataa, pikapu ina kazi. Mwaka jana, kabla sijatia kuteksi, alinipeleka mwenyewe, akanibebea begi mpaka juu, akapiga picha kila mti. Nilifurahi sana siku ile. Nilisema afadhali mmoja katika nyumba hii anajali.

Jumapili, 9 Februari

Hakuna kitu.

Ubavu wote wa magharibi umekwanguliwa. Wametumia panga, magome yametoka nayo, mti mweupe wa ndani uko wazi. Nimepita mti kwa mti nikitafuta zambarau. Nimelia — kwa hasira, si kwa huzuni. Ningempata mtu hapo ningempiga.

Simiyu, mlinzi wa msitu, amenieleza. Juzi walikamata dereva getini na magunia. Dereva amesema tu anampelekea mfanyabiashara wa Eastleigh, jina hataji. Gunia moja wameliweka. Mkubwa wake Simiyu anatafuta mtaalamu wa kusema zimetoka wapi.

Mfanyabiashara wa Eastleigh. Nimerudi nyumbani nikiuwaza mkebe wa viungo wa Hooyo.

Jumatano, 12 Februari

Nimefanya nilichokuwa naogopa. Hooyo alipotoka nimechukua kipande cha maua ya mawe kwenye mkebe wake, nikakikwaruza mpaka kwenye weupe wa ndani, nikadondosha Jik ya kufulia. Pakageuka pekundu papo hapo. Ndiyo ileile ya mizeituni yangu.

Lakini nisijidanganye. Aina hii hii huletwa kutoka India pia. Wekundu unanipa jina tu, haunipi kilima.

Nimemngoja Abdiwali kwenye ngazi. Nilitaka akatae, wallahi, ningemwamini. Hakukataa.

"Sista, hiyo ni takataka ya miti tu. Si itamea tena?"

Nimemwambia laikeni kwa mwaka mzima haikui hata upana wa punje ya mchele. Zile zilikuwa pale kabla yeye hajazaliwa. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba ni mimi niliyesifia ule ubavu mezani, tukila, mpaka Aabo akauliza kama zinaliwa. Ni kweli. Nilisifia. Ningejuaje?

Aabo hajui kitu. Anaamini mzigo una vibali. Dereva anamjua Abdiwali tu, na bado amefunga mdomo. Na huyu kaka yangu, bila haya, ameniuliza kama ule ubavu wa mashariki nao uko na mzigo wa maana.

Ijumaa, 14 Februari

Dkt. Khalayi amenitaja mimi kuwa mtaalamu. Mimi! Watu wa msitu wataleta gunia lao maabara Jumatatu, na nitaandika ripoti kwa jina langu. Amesema hakuna anayekijua kile kilima kama Kawsar. Zamani ningeyachukua maneno hayo niyatie kwenye fremu.

Kisha akauliza kama kulikuwa na alama yoyote kwenye miti. Maana jina la aina peke yake halitoshi — bila alama dereva ataachiliwa na wataingia ubavu wa pili.

Nimemjibu nitaangalia. Nitaangalia! Mwoga mkubwa.

Nimemwambia Abdiwali. Ameketi ukingoni mwa kitanda changu, na uso wake ulikuwa ule wa utotoni akivunja kitu.

"Kawsar, ukisema ni za huko, dereva atanitaja. Mimi naenda ndani, na duka la Aabo wanafunga. Andika tu haijulikani. Si uongo mkubwa."

Nampenda huyu mjinga. Nimemwambia atoke.

Jumamosi, 15 Februari

Nimerudi kutoka sokoni, nimemkuta Hooyo sakafuni jikoni na sinia. Kila mwaka kabla ya Ramadhani huleta gunia kutoka dukani, akachambua viungo vya nyumbani kwa mkono wake. Hataki mchanga kwenye futari. Jiko la makaa lilikuwa limeshika, birika juu yake. Abdiwali amesimama mlangoni, funguo za pikapu mkononi, haingii hatoki.

Kwenye sinia, maua ya mawe safi. Mapajani mwa Hooyo, bakuli. Ndani ya bakuli, vipande vya gome, na kila kimoja kina tone la zambarau.

Hakupaza sauti. Aliendelea kuchambua. Alimtazama Abdiwali muda mrefu, kisha akanitazama mimi. Akainua bakuli.

"Hizi nizitie wapi?"

Abdiwali akasema, "Hooyo, makaa si hayo hapo." Hooyo alikuwa ananingoja mimi, bakuli mkononi.

Nilisema ngoja. Nimekuja chumbani kuchukua bahasha.

Ninayo hapa. Abdiwali ananiita kwa jina, mara mbili sasa. Hooyo haniiti. Nasikia tu birika linachemka na hakuna anayelitoa.

Bahasha zangu zote zina mistari mitatu. Mahali: nimejaza, kilimani, ubavu wa magharibi. Tarehe: nimejaza. Wa tatu ni aliyekusanya. Huwa naandika jina langu hapo bila hata kufikiri, lakini hizi sikuzikusanya mimi.