Bunduki Yenu Haiwindi Tena

Kolwezi, mwezi wa tano 1994

Kwako Mama Ntumba, ndugu yangu wa lupango moja, ua moja,

Yambo sana, yambo kwa bwana yako Tata Kalala, yambo kwa batoto bote pale Mwene-Ditu. Mugongo wako unakuachia kidogo? Na udongo wa kwenu unakubali mihogo yako, ao ungali unakuuliza wewe ni nani? Mi unanijua: tangu train iliwabeba, nikisikia mutu ametoka Kasai, ninamukimbilia na mikono yenye ugali wa bukari, ninamuuliza kama munakula, kama munalala chini ya bati. Rachid mwenye camion ya mizigo njo aliniambia mulipata nyumba na katoto kananyonya muzuri. Siku ile niliimba mu jiko mupaka binti yangu Joyeuse akaniambia, mama, nyamaza, mboga ya sombe inaungua.

Sisi tuko, tunashukuru Mungu. Kazi ya Kampani ya shaba imekufa. Bwana yangu Stanislas anaenda tu magasin, gala lao, kuchunga milango yenye haina kitu nyuma yake. Lakini mahindi ya nyuma ya nyumba yalitoka mingi, Joyeuse amenenepa, na tunacheka tena. Mu nyumba yenu banakaa bantu bengine. Nilimuambia ule mama kuamba mupapai ni wa Ntumba. Akule, lakini ajue mwenyewe ni nani.

Sasa nikuelezee mambo ya bunduki.

Unakumbuka siku Bakasai mulifukuzwa hapa Kolwezi, pale gare ya train basoda balikatalia bantu kupanda na silaha, na Tata Kalala akamupa bwana yangu bunduki yake ya kuwinda pamoja na karatasi yake, akamuambia achunge, siku moja batarudi pori kuwinda pamoja. Stanislas aliipokea kama mutu anapokea mutoto. Lakini alikuwa ameona rafiki yake analala juu ya simenti ya gare, tena aliyemufukuza si mugeni: ni bantu ba luga yetu, vijana benye mi ninasalimia bamama zao kanisani. Kile kitu kilimuvunja, Ntumba. Usingizi ulimukimbia. Alikaa na bunduki juu ya magoti, uso kwa mulango, akisema batakuja kwetu pia juu ya kula sahani moja na Bakasai. Train ikilia, anasimama.

Kiisha kukatoka tangazo la buro ya zone, ofisi ya serikali: kila bunduki ipelekwe kuandikishwa. Pale robinet ya mayi maneno yakawaka kuliko moto. Mama mumoja akasema ukiandikisha, bajandarme ba polisi banajua mulango gani wa kubomoa siku njaa inabashika. Mwingine akasema usipoandikisha, batabeba bunduki na bwana juu yake. Wa tatu akacheka, akauliza bale baliofukuza bantu na fimbo na panga, fimbo zao zitaandikishwa wapi? Hapo bote tukachota mayi.

Nilimusindikiza Stanislas buro. Karani akasoma karatasi, akaona jina la Kalala, akasema huyu Mukasai alienda, basi bunduki yake haiko hapa. Stanislas akamuambia iko hapa, baba, umeishika mu mikono. Karani akajibu kuamba kwa karatasi imeenda! Mwishoni akaandika nimero, akauliza kama muti wa bunduki umepasuka. Mi nikamuuliza kwa heshima, na mwenye kuishika, hamumuulize kama analala? Yee akacheka mupaka akaita mwenzake: njoo usikie, mama huyu anataka tuandikishe usingizi! Mustari wote ukacheka, Stanislas pia, na mi kidogo, juu ya haya. Tukarudi na tampo kwa karatasi, tukarudi na bunduki.

Nikaenda kwa Séraphin, infirmier, muuguzi wa dispensaire. Hakucheka. Alisema kichwa kinaugua sawa tumbo linavyougua. Kuna dawa, kuna kuongea, kuna kupumuzika, lakini kwanza bunduki itoke mu nyumba. Nikamuuliza utaitoaje kwa mutu mwenye kuamini ni yenyewe tu inatuchunga. Akajikuna sikio, akasema dawa ya ile haiko mu kabati yake.

Na kweli, muchana mumoja wa mvua, Joyeuse akatoka shamba, akapita nyuma ya lupango na gunia juu ya kichwa. Baba yake akapiga kelele, akamuelekezea mudomo wa bunduki. Mutoto akasema, tata, ni mi. Akaishusha. Siku ile bukari ilibakia mu sahani.

Ntumba, hapa njo ninafika penye Stanislas hapajue. Desturi ya bawindaji betu unaijua: mwanamuke akiruka bunduki, imekuwa kipofu. Hakuna wa kuitia baruti, haibakie mu nyumba yenye mwanamuke, inaenda kulala kwa muwindaji muzee mupaka mwenye bunduki aioshe na majani, kwa mukono wake. Nilimuambia Stanislas nilijikwaa na kapu ya bunga, nikapita juu yake. Uongo. Asubuhi, yee anaoga, nilitandika bunduki chini, nikapandisha kikwembe, nikairuka. Kiisha nikarudi tena upande wa pili, labda mara moja haitoshe. Njo nikapiga kelele, avenue yote ikaja kuona.

Aliniita mbuzi asiye na macho. Lakini desturi ni desturi: yee mwenyewe aliipeleka Kasaji kwa muzee Mbuyu, muwindaji. Alirudi mikono mitupu, akakaa mu kiti, akalala, mvua inapiga bati na yee anakoroma! Sasa anakunywa dawa ya Séraphin, banaongea, banacheza dame, ule muchezo wa kete, anamushinda Séraphin, anajivuna. Hajapona yote. Train ikilia angali anasimama. Lakini anakaa tena.

Shida ni kuamba pori inamuita. Anataka kutuma neno na Rachid, kumuomba Tata Kalala ampe muzee Mbuyu ruhusa ya kuosha bunduki kwa jina lake. Ninakupigia magoti: Tata Kalala akatae. Akatae kwa upole, kwa maneno ya bawindaji, aseme mukono wake tu njo utaiosha. Ninajua mu kichwa changu ni kitu gani ninaomba. Bantu betu balimutoa mu nyumba yake, na leo ninamuomba achunge yangu, tokea kule balikomutupa. Akikasirika, anikasirikie mi, Stanislas hana kosa.

Joyeuse anawasalimia, anasema anakukosa wewe wa kumusuka nywele. Stanislas yuko inje anaanua mihogo, anauliza ninaandika nini mingi vile. Nimemujibu ni habari za mahindi, na mahindi nimeyasema kweli. Mungu awafunike bote, na katoto ukapige busu kwa shingo.

Mi wako wa robinet moja,
Agnès, mama Joyeuse