Maneno Yangu Kinywani mwa Mama Clémence

Tshopo, Kisangani

Mume wangu Idrissa,

Amani ikufikie huko Banalia. Watoto ni wazima. Umeme unakatika kila siku, ingawa barrage, lile bwawa la umeme, iko karibu hivi.

Mimi, tangu ile korona, bado sijapona. Nikifua asubuhi moja nalala siku mbili, na usingizi haunipumzishi. Mama yako alisema ni uvivu, nirudi kwetu. Hilo sikukuandikia.

Juzi alinipeleka kwa daktari ili ithibitishwe kwamba sina ugonjwa. Tukiwa tunangoja, tulikaa na Mama Clémence, muuza samaki kutoka kwa wavuvi wa Wagenia. Anaugua uchovu miaka mingi, na korona hajawahi kuipata.

"Nikifanya kazi kidogo, kesho siamke," alituambia. "Ninalala, lakini mwili haipumzike. Hata majina ya watoto inanipotea."

Idrissa, sikiliza. Mambo niliyomficha kila mtu yalikuwa yanatoka kinywani mwa mgeni.

Daktari alitupima sote wawili, akasema magonjwa yetu yanafanana sana, na wataalamu bado wanatafuta sababu. Dawa ya kutuponya hana. Tupumzike kabla nguvu hazijaisha.

Tulipofika nyumbani, mama yako akaniambia nikae: "Nadia, ikala." Akavuta beseni la nguo na kuanza kufua, yeye ambaye hajagusa sabuni tangu nimeolewa. Nilimtazama kama mtu anayetazama mto ukirudi ulikotoka.

Mkeo anayekungoja akiwa amekaa,
Nadia