Zamu Yako Kwenye Korongo la Panda

Mpendwa Yaya,

Maji yanatoka chini ya korongo. Naanza na hilo kwa sababu ungenikatiza hadi nilifikie. Ni membamba kama uzi wa cherehani, lakini ni safi, na hayajakauka tangu mvua zilipokwisha.

Barua hii naiacha wazi ili isomwe na mitaa mingine pia, kwa hiyo utanivumilia nikieleza unayoyajua. Mwalimu wa jiografia hastaafu mdomo. Wasomaji wa mbali wajue kwamba kwetu Likasi yaya ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa, na kwamba wewe na mimi tulikulia Panda, katika kambi ya wafanyakazi wa migodi. Kampuni ilitupa nyumba, unga, shule na zahanati. Bomba likipasuka, fundi wa kampuni alikuja. Unakumbuka king'ora cha asubuhi? Mama alikuwa akibandika maji ya chai kabla hakijalia, akijisifu kwamba yeye ndiye anayekiamsha.

Kisha kampuni ikadhoofika, king'ora kikanyamaza, nasi tukafanya kosa ambalo nadhani ni watu wa kambi tu wangeweza kulifanya. Mfereji wa saruji uliopeleka maji ya mvua bondeni ulivunjika karibu na barabara yetu, nasi tukangoja fundi. Majembe tulikuwa nayo. Waashi tulikuwa nao, watu waliojijengea nyumba mtaani Kikula kwa mikono yao wenyewe. Lakini mfereji ulikuwa wa kampuni, na cha kampuni hakiguswi. Miti ya vilimani ilikuwa imekwisha kuwa makala, mkaa wa kupikia, hivyo maji yalishuka bila kizuizi, na pale kwenye ufa pakazaliwa korongo. Kila msimu lilikula kipande: njia ya miguu, bustani, halafu choo cha Papa Mwansa, ambaye alilalamika kwamba hata kwa choo fundi hakuja.

Ulisimama ukingoni, umetoka kufundisha, chaki ingali vidoleni. "Mvula haiyue kama kampuni ilikufa," ukasema.

Hapo ndipo ulipoanzisha likelemba ya jembe. Likelemba sote tuliijua, ule mchezo wa kuchangiana pesa na kupokea kwa zamu. Wewe uliondoa pesa, ukaweka mikono mahali pake. Jumamosi barabara nzima inamfanyia kazi mtu mmoja: paa, kisima, shamba la mihogo, chochote atakacho, naye mwenye zamu anapika bukari, ugali wetu. Nilifundisha maisha yangu yote jinsi ardhi inavyobadilika polepole. Sikujua inaweza kubadilika hivi, mbele ya macho yangu: mchicha wetu wa lengalenga umejaa pale palipokuwa vumbi, visima viko nyuma ya nyumba, na watu waliokuwa wakingoja unga wa kampuni sasa wanapelekeana unga wao.

Zamu yako uliiweka ya mwisho. Paa lako linavuja, ulisema, lakini linaweza kungoja. Ugonjwa haukungoja.

Kwa sheria yako mwenyewe, zamu ya marehemu inapita kwa ndugu yake. Mvua zilipokaribia, majirani wakaja kuniuliza nitaipeleka wapi. Korongo lilikuwa limefika karibu na ukuta wa nyumba yako. Nami nilitaka paa, Yaya. Nilitaka walau nyumba yako iwe kavu kwa muda itakaosimama. Nikawaeleza kwa kijiti, nikichora ardhini, kwamba korongo la namna ile halizibwi kwa siku moja. Mama Kapinga, yule jirani wako uliyekuwa ukigombana naye kuhusu kuku, alinisikiliza hadi mwisho.

"Papa Mwalimu, unafundisha muzuri," akasema. "Mvula nayo itakuya kusoma?"

Walicheka, nami nikacheka. Kisha akasema taratibu: "Zamu iko yako. Lakini paa yake, Yaya aliacha ivuye juu ya nini?"

Kuuliza juu ya nini, kwetu, ni kuuliza kwa nini, na jibu nililijua: uliwatanguliza wengine. Nikasema: korongo.

Walikuja hata wasio wa likelemba. Hatukujaribu kulijaza. Tulijenga ngazi zile ulizonichorea ukiwa mgonjwa, magunia ya udongo yaliyofungwa kwa mianzi, na nyasi za mizizi mirefu katikati, ili maji yashuke yakipumzika. Papa Mwansa akaziba ufa wa mfereji kwa saruji, akigeuka nyuma kila mara kana kwamba kuna mtu atakayemfukuza. Bukari niliipika mimi, kwa kuwa zamu ilikuwa yangu. Ilikuwa na madonge. Mama Kapinga alisema tungejengea ngazi madonge yale, magunia yangebaki.

Mvua ya kwanza kubwa ilishuka mchana. Tulisimama ukingoni chini ya miavuli. Maji mekundu yalikuja yakinguruma, yakagonga ngazi ya juu, yakasita, yakashuka kwenye ya pili, yakasita tena. Sauti yake ikabadilika. Tuliisikia sote. Ukuta wako umesimama, na ndani kunavuja kama zamani.

Halafu, chini ya ngazi ya mwisho, ardhi ikaanza kutoa maji. Sababu naijua, nimeichora ubaoni mara nyingi: maji yasiyokimbizwa huzama, na yaliyozama hutafuta pa kutokea. Lakini nilipoyakinga kwa kiganja nilivua kofia, Yaya, na waliokuwa nyuma yangu wakavua zao.

Jumamosi iliyopita tulipanga upya mzunguko. Nilidhani jina lako litaondolewa. Hakuna aliyelitaja hilo. Wakalisoma pamoja na mengine, safari hii likiwa la kwanza, nao wameshaamua kazi yenyewe bila kuniuliza. Ni paa.

Bukari nitapika mimi. Wameonywa.

Mdogo wako