Mwalimu, Siku Ile Sikuwa Nawe

Mwalimu Anatoli,

Nimechoka, ndugu yangu. Leo nimerudi kutoka Masakta peke yangu, upepo wa mlimani ukinipiga kifuani njia nzima. Wagonjwa wamekwisha, nimekaa hapa zahanati, goti linauma. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo sijamwambia mtu yeyote hapa Katesh, na wewe ndiye uliyekosewa.

Kwanza habari. Darasa lako la kisomo linaendelea. Wameleta mwalimu mpya, mtu wa Songea, mpole, na baiskeli yako wamempa yeye. Ameinua siti, maana ana miguu mirefu. Nilipoiona inapita sokoni niligeukia ukutani mpaka ikapita.

Miaka kumi na moja tumegombana barabarani, wewe na mimi. Mimi naendesha kama mtu aliyeitwa: kichwa chini, kidole kwenye kengele, nashuka nikifika. Wewe ulishuka kwa kila mzee. Si kupunguza mwendo, kushuka kabisa, usukani mkono mmoja, kofia mkono mwingine, shikamoo, habari za ng'ombe, habari za mkwe aliyejifungua. Ulisema salamu ya juu ya siti ni salamu ya Bwana Shauri wa wakoloni. Nami nilikujibu kwamba mgonjwa wa nimonia hangoji habari za ng'ombe. Alipokuwepo Athumani, yule bwana shamba, aliendesha katikati yetu akituamua, mimi akiniambia ngoja, wewe akikuambia kaza. Alipohamishiwa Babati tukabaki bila mwamuzi. Tukawa tunanuniana kutoka Katesh hadi Masakta, wanaume wazima wenye watoto, kisha tukifika tunakula ugali sahani moja.

Ulipenda kuniambia, "Daktari, baiskeli haina haraka. Haraka ni yako." Mimi ni mganga msaidizi tu, na jina hilo ulilitumia ukitaka kunichokoza.

Halafu watu wakahamishiwa vijijini, nyumba zikapangwa mstari kando ya barabara, nikajua nimekwisha. Palipokuwa na wazee watano wa kuamkia, sasa wapo thelathini. Mwaka ule wa mwisho ulishuka hata kwa wasichana waliotoka kuchota maji, hata kwenye mlango uliofungwa. Nilikucheka. Nilisema mbele za watu kwamba mwalimu anautaka uenyekiti wa kijiji. Kumbe ulikuwa unapumzika. Moyo wako ulikuwa umechoka, miguu inavimba jioni, na mimi ninayesikiliza vifua vya watu kutwa nzima sikukusikia ukihema, kwa sababu nilikuwa mbele kila siku. Adabu yako iliuficha ugonjwa, na mimi nikaiita uzembe. Hili linanikaba kuliko msiba wenyewe.

Siku ile ulishuka kwa bibi mmoja, nyumba ya mwisho kabla ya korongo. Sikugeuka. Nilipaza sauti, "Salimia hata mbuzi, utanikuta Katesh!" Ndilo neno langu la mwisho kwako. Nilikuwa hotelini nakunywa chai, kiti chako nimekiweka tayari ili ukifika nikucheke, watu wa Masakta walipokuja kuniita. Niliporudi ulikuwa umeshakwenda, kichwa chako mapajani mwa yule bibi.

Jioni, nyumbani kwako, mkeo, Mama Koku, aliniuliza mbele ya waombolezaji, "Shemeji, ulikuwa naye?" Nilisema nilikuwa naye. Akauliza kama ulisema lolote. Nikasema hukusema, ulilala tu. Akanishika mikono yote miwili akashukuru. Tangu hapo ananishukuru kila akiniona, ananiletea maharage, amemwambia hata padri. Kila shukrani naimeza kama kwinini.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, Mwalimu, maana miezi minne nimezunguka mashambani ili nisipite mlangoni kwa yule bibi. Wiki iliyopita mvua iliiharibu njia ya mashambani, ikabidi nipite barabarani. Alikuwa ameketi uani anapepeta mtama. Nikashuka, nikamwamkia. Hajui Kiswahili zaidi ya salamu, basi mkwewe akatutafsiria.

Anasema ulimwamkia, ukaiegemeza baiskeli ukutani taratibu, ukaketi chini. Alikupa maji, hukuyanywa. Kisha ukasema maneno mengi, si ya Kiswahili, si ya Kimbulu. Yeye hakuelewa hata moja, lakini kila neno aliliitikia. "Mtu haachwi aseme peke yake," alisema. Mimi nilikuwa natazama chini.

Halafu akayasema. Yale ya mwisho, uliyoyarudia. Bibi ameyashika, Mwalimu. Anayakariri kila asubuhi akiwasha moto, akingoja mtu wa kwenu apite. Miaka kumi na moja nimekaa nawe na Kihaya sijajifunza hata cha kuombea maji, kwa hiyo sikuelewa. Nilisikia tu jina la Koku humo ndani, kama ulivyozoea kumwita mkeo. Mkwewe ananiambia siku hizi bibi analisahau neno moja, anatafuta, anakasirika, halafu anaanza upya. Ni mzee sana.

Nilitoa kalamu nimwombe aseme polepole niandike. Nikairudisha mfukoni. Hayakuwa maneno yangu.

Nisikilize sasa, maana sitaki kujipa nafasi ya kuogopa. Jumamosi asubuhi nitakwenda kwa mkeo, na kabla hajaniwekea chai nitamwambia kwamba sikuwepo. Nilikuacha njiani kwa hasira, halafu nikasema uongo kwa aibu. Akinifukuza, ana haki. Lakini nitamwomba kwanza apande kwenye keria yangu twende Masakta, na kama hataki kupanda baiskeli yangu nitamtafutia lori. Nitamfikisha kwa bibi, kisha nitasogea mbali, mahali ambapo sauti haifiki.

Kwaheri, Mwalimu. Mungu akulaze pema. Ulichomwambia mkeo kimechelewa miezi minne kwa sababu yangu. Jumamosi kitamfikia.

Ndugu yako,
Ramadhani