Sakafu ya Gari na Mguu wa Mama

Baba, shikamoo. Chai ipo kwenye chupa, viazi nimevifunika. Nimempeleka mama zahanati.

Usishtuke. Asubuhi nikimwosha miguu nimekuta lengelenge kwenye kisigino. Ni joto la sakafu ya hilo gari lako kuukuu la porini. Wewe likikuchoma unasogeza mguu. Yeye na sukari yake miguu imekufa ganzi, hasikii kitu. Jana nilikuambia chini panachemka, ukanicheka: "Tangu lini umekuwa fundi?" Haya.

Kile kipande cha godoro ulichotandika chini ya zulia kitoe, kimeanza kuungua. Najua ulimwekea apate kukanyaga palaini. Bomba la moshi linapita hapo hapo. Fundi afunge bati katikati ya bomba na sakafu, aache nafasi ya hewa juu na chini, na matundu ya sakafu ayazibe.

~~Mama asipande tena gari hilo.~~ Mama asipande mpaka likamilike. Alinikataza nisikuambie, anaogopa utakuwa unamwacha nyumbani. Anapenda kukaa pembeni yako, baba, hata mkigombana njia nzima. Tukirudi usimwambie habari ya kubaki. Mwambie tu bati linafungwa lini.

Binti yako