Siombi Radhi kwa Kuziba Ile Njia

Chumba cha juu, nyuma ya gereji,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeamka salama, goti limetulia, na mkaza mjomba amepona kile kikohozi tulichokisikia kwenye simu. Wajukuu je? Yule mdogo bado anakataa viatu? Sisi huku ni wazima. Mama ana nguvu za kutugombeza wote kabla ya chai, basi ujue afya ipo. Mvua imekata, njia za mlimani zimekauka, na miguu yangu imekuwa migumu kama magogo kwa kupanda.

Mjomba, nimepata ujumbe wako kupitia kwa Kaka. Unasema nimwombe Bosi radhi nirudi kazini, kwa kuwa kazi siku hizi ni adimu na mimi si mtoto tena. Nimekusikia, na kwa heshima zote jibu langu ni hapana. Lakini sitaki ubaki na maneno ya Kaka peke yake. Kaka hakuwepo, na akisimulia jambo huongeza chumvi mpaka haliliki.

Unajua kazi yangu ilivyokuwa. Wageni wanakuja kutoka mbali, tunawapa baiskeli za gia, mimi natangulia, gari la mizigo linafuata, tunapanda mpaka vijiji vya juu kabisa, kwenu mlikozaliwa wewe na Mama, ambako hata kwenye ramani ya ofisini pameandikwa tu "wenyeji". Niliipenda kazi ile. Naupenda mpando wa mwisho, mapaja yanawaka moto na pumzi huna, halafu ghafla unayaona mapaa. Bosi alinichukua kwa sababu naweza kuumaliza mpando ule bila kushuka kwenye baiskeli, na kwa sababu naijua lugha ya Mama.

Mambo yaliharibika kidogo kidogo. Kwanza alitaka wanawake wavue kandambili wageni wakifika. Kisha sola ya mwalimu ifunikwe majani. Kisha watoto wasiende shule, wasimame njiani wapunge mikono. Mimi nilimkwepa kwa tafsiri. Akisema, "Waambie wavue viatu," nawaambia anawajulia hali. Wanajibu salama, yeye anaitikia kwa kichwa, safari inaendelea.

Kisha mke wa mhunzi akafariki. Mhunzi yule yule uliyechunga naye mbuzi. Habari zilitukuta kwenye kona ya chini ya kijiji, tuliambiwa na mama mmoja aliyekuwa anashuka na kuni. Nikawasimamisha wageni, nikawaeleza kuna msiba, tutazunguka kwa njia ya kijito. Wakakubali wote, isipokuwa bwana mmoja mwenye kamera ndefu kama mkono. Mara gari la Bosi likafika.

"Mbona mmesimama?"

"Kuna msiba, Bosi. Leo hatuingii."

Akashusha kioo chote. "Msiba ndio wenyewe! Hawa wamekuja kuona maisha halisi. Tunaingia taratibu, wanapiga picha zao, tunatoka."

"Na waliofiwa niwaambie nini?"

"Si unajua lugha yao? Tafuta maneno."

Nikayatafuta, Mjomba, nikayapata. Nikamwambia, "Hapiti mtu." Nikailaza baiskeli yangu katikati ya njia, pale kwenye kingo mbili ambapo gari haliwezi kuchepuka, nikasimama nyuma yake. Mgeni mmoja, muuguzi mstaafu mwenye kofia ya njano, akaja akailaza na yake kando ya yangu. Alikaa chini akaanza kufunga upya kamba za viatu.

Yule bwana wa kamera alitumia nafasi hiyo kupita majanini, huyo, anapanda. Nikamwachia muuguzi njia, nikamfuata mbio. Ana mapafu ya mjini, hakufika mbali. Nilipomkata mbele tulikuwa tumekwisha karibia nyumba ya kwanza, na kilio kilisikika wazi. Nikamwambia, "Sikiliza kwanza." Akasikiliza. Kulikuwa na sauti ya mtoto anamwita mama yake. Yule bwana alifunika kamera yake, akageuka, akashuka mwenyewe.

Bosi alinifukuza papo hapo, mbele ya watu wote, na baiskeli akaipakia kwenye gari kwa sababu ni mali yake. Sawa. Nikapanda kwa miguu mpaka msibani, nikakaa na wanawake. Mhunzi alinishika mkono akaniuliza kama wewe umepata habari. Ilikuwa siku ile ile, ungezipata wapi? Lakini alivyonitazama, nilisema utamwandikia. Basi usiniangushe.

Baadaye Bosi akamtuma Kaka: nikiomba radhi mbele ya wenzangu, atanirudisha. Hilo ndilo ulilolisikia. Nilikwenda, Mjomba. Nilimkuta amepanga viti kama harusini, ameketi mbele na tai shingoni. Nikamwambia, "Nimefuata pampu yangu." Nikaichukua nyuma ya mlango, nikawaaga wenzangu mmoja mmoja, nikatoka.

Bosi akatafuta kiongozi mwingine, akapeleka kundi jipya. Kijiji kilikuwa kimekwisha kaa kikao. Gari liliposikika tu, kila mtu akaingia ndani, milango ikafungwa. Wageni wakakuta mbuzi na upepo. Bosi akapiga honi, akagonga mlango wa mkunga mzee. Mkunga akamjibu kutoka ndani, maneno marefu, kwa lugha yao, na hapakuwa na wa kutafsiri. Nilipomuuliza alimwambia nini, alicheka mpaka akajifuta machozi. "Nilimweleza namna ya kugonga mlango wa watu," akasema.

Sasa wageni wanakwenda na mimi, wachache, na kwa masharti ya kijiji. Habari inatangulia kabla ya safari. Watoto wako darasani. Picha inaombwa kwanza, na ukinyimwa umenyimwa. Mhunzi amenichomelea baiskeli kutokana na vyuma chakavu, nzito kama ng'ombe, lakini inapanda. Kundi la kwanza lililetwa na yule muuguzi. Usidhani ilikuwa raha tupu: mnyororo wangu ulikatika, mvua ikatupiga, na rafiki yake mmoja alilia kwenye mpando akataka kurudi kwao. Jioni walichambua maharage pamoja na wenyeji wao chini ya bati linalong'aa, na sola ikiwa wazi juu.

Bosi anatangaza mjini kwamba sitafika mvua zijazo. Huenda. Nikianguka nitaanguka na baiskeli yangu, sitainuka kwenda kwake.

Nakuachia la Mama mwisho. Unajua alivyotulea: lugha yenu ni ya chumbani, mlango umefungwa, tusije tukachekwa. Juzi nilikuwa sokoni naye. Dereva wa Bosi akapita, akamcheka, akauliza kama na yeye ametoka kule juu kwa wale wa milango. Nilidhani ataniambia tuondoke. Mama akaweka kikapu chini, akamjibu kwa lugha ya kwenu, kwa sauti ya kunadia nyanya, mbele ya soko zima. Kisha akanigeukia, na kwa lugha ile ile akaniuliza tumesahau nini, vitunguu au chumvi. Tukarudi nyumbani tunaongea hivyo hivyo njia nzima.

Nisalimie mkaza mjomba, binamu zangu wote, na wajukuu, hasa yule wa miguu mitupu. Kaka anakusalimu, ingawa hajui kwamba nimekuandikia. Mungu akulinde, akuongezee siku, na akupe goti la kuupandia mlima ule nikutangulie.

Mimi mpwa wako, nisiyerudi nyuma na ninayekupenda vile vile.