Figo ya Mzee na Msasa Wangu

Nyumbani, meza ya mbele,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Kwa niaba ya ukoo mzima natangaza rasmi: televisheni imeshushwa mezani, sasa inakaa sakafuni kama mgeni asiyealikwa. Sababu utaiona. Kwanza salamu. U hali gani huko? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi tu wazima, isipokuwa mmoja, na huyo ndiye anayejiona mzima kutushinda wote.

Mzee wetu ana uvimbe kwenye figo ya kushoto. Daktari wa upasuaji anasema ukitolewa mapema, figo itabaki na Mzee atabaki. Mzee naye unamjua: “Sitii sahihi kitu nisichokiona.” Basi mashine ya hospitali ikazifuata picha za tumbo lake, ikachapa figo ya plastiki, sawasawa na yake kwa ukubwa na umbo. Ijumaa tukapewa ili tukamwonyeshe kwa utulivu. Ndiyo iliyorithi meza ya televisheni.

Hapa soma ukiwa umekaa. Jana asubuhi, Mzee hajaamka, niliitazama kwa jicho la fundi redio. Ubavuni ilikuwa na nundu, kama punje ya harage. Uvimbe wenyewe niliudhani kitu kikubwa cha kutisha, kimejificha ndani huko. Nikasema hawa watu wa mashine wamelipua kazi. Unanijua, sirudishi kitu cha mtu kikiwa na kasoro. Nikashika tupa, nikamalizia na msasa laini. Ikang'aa.

Mzee akaamka, akaigeuzageuza, akaipitishia kidole gumba. “Uvimbe uko wapi?”

Nikautafuta. Ndipo nikajua ile nundu ndiyo uvimbe wenyewe, na vumbi lake nilishalipuliza dirishani.

“Figo safi hii,” akasema. “Waambie wakapasuane wenyewe huko.”

Nilikiri palepale. Hakuamini, anasema nimetumwa na hospitali. Mchana nikakiri kwa daktari. Aliishika ile figo, akatafuta alama ya tupa asiione, kisha akaniuliza kama natafuta kazi. Atachapa nyingine, uvimbe uwe mwekundu. Lakini Mzee ameshapitisha hukumu: ya pili itakuwa ya kughushi, ya kwanza ndiyo yake. Wifi yako analia jikoni.

Dada, wewe ndiye kifungua mimba. Mwandikie upesi. Simu anasema ni sauti za kuigiza, lakini barua yako huisoma mara tatu na kuilalia. Upasuaji ni Alhamisi tarehe 20. Nafasi ikipita tutangoja miezi mitatu, na daktari hajasema kwamba uvimbe nao utangoja.

Nisalimie shemeji, na mpwa wangu Mapengo, kama meno hayajaota. Mungu awafunike kwa mkono mpana.

Ni mimi nikupendaye, tupa mkononi,
Mdogo wako, Fundi.

Nyongeza: Fomu ya hospitali ameikandamiza kwa ile figo isipeperuke. Haina sahihi.